Kadi za Arusi ya Abigaïl

Huko mtaa wa Kamalondo, Edouard anashona nguo asubuhi na kuchapa karatasi mchana. Chumba ni hicho hicho kimoja. Cherehani iko karibu na mlango, kompyuta na printa ziko chini ya dirisha. Wateja huja na kitambaa, wengine huja na barua ya kuomba kazi, na wote anawatania.

Sifa yake kubwa anaitangaza mwenyewe: suruali ya mtu mmoja haipimi kwa futi. Anakutazama, anakata, na suruali inakukaa vizuri kweli.

Basi binti yake Abigaïl alipochumbiwa, Edouard alikataa kadi za mwaliko zichapwe kwingine. Alizipanga mwenyewe kwenye kompyuta, kadi nne kwa kila karatasi. Kila kadi aliiandika upya. Kila moja aliisukuma kwa kipanya mpaka jicho lake likaridhika.

Lakini mashine ya kukata karatasi haina jicho. Kisu chake kinashuka moja kwa moja. Kadi za kulia zilikuwa zimekaa chini kidogo kuliko za kushoto, na kisu kikaukata mstari wake wa mwisho.

Mkewe Germaine aliokota kadi moja.

"Papa Abigaïl, jina ya bayama iko wapi?"

Bayama ni mjomba. Alikuwa anamsema Musonda, kaka yake wa Kasenga. Edouard akaigeuza kadi, kana kwamba jina limejificha nyuma.

"Kisu imemukula," akasema polepole.

"Imemukula! Kwetu mutoto haolewe bila bayama kumubariki. Kesho anafika, akute tumemukata? Atarudia Kasenga na baraka yake!"

Edouard aliona aibu. Aliogopa pia, maana alimjua shemeji yake.

Wakati huo jirani yao Dorine aliingia kuchukua gauni lake. Dorine ndiye anayepanga kurasa za gazeti dogo la parokia. Aliposikia habari alicheka kwanza. Kisha akavuta kiti.

"Papa Edouard, ukishona uniforme za masomo, unaangalia kila mutoto na jicho?"

"Ah non! Nakata patron moya ya karatasi, kipimo ya wote. Nachora na chaki, njo nafwata ile."

"Njo vile! Sasa juu ya nini hapa unafanya bila patron na bila chaki?"

Edouard akamfungulia ukurasa wa kadi. Aulizaye njia hapotei, akasogea karibu.

Dorine alishika rula iliyo pembeni mwa ukurasa kwenye kompyuta, akaivuta kwa kipanya. Mstari mwembamba wa buluu ukatokea.

"Mustari hii itatoka ku karatasi?" Edouard akauliza.

"Hapana, haitoke. Iko ya kukuongoza tu. Moya inasimama katikati, moya inalala katikati. Hapa njo kisu itapita. Sasa vuta zingine, ndani kidogo. Maandishi isipite pale."

Kisha aliwasha amri ya kunasa. Kadi ikisogezwa karibu na mstari, inajishika yenyewe, haitetemeki tena.

Edouard aliandika kadi moja tu, kwenye pembe ya juu kushoto. Akataka kuinakili papo hapo.

"Ngoja!" Dorine akamzuia. "Soma kwanza. Kosa ya hii moya, zote zitaichukua."

Germaine akasoma kwa sauti. "Mais, saa ya misa haiko!"

Wakacheka wote watatu, na saa ikaandikwa. Dorine akaonyesha namna ya kuchagua maandishi, maua na fremu, kisha kuviunga viwe kitu kimoja. Hapo Edouard akabonyeza Ctrl na D pamoja. Kadi ya pili ikazaliwa! Akaivuta kulia mpaka ikanasa. Akachagua zote mbili, akabonyeza tena, akazishusha chini.

"Yesu Maria!" akapiga kelele. "Na miye nilikuwa naandika zote moya moya!"

Safari hii kisu kilipita mahali pake. Mpaka leo Edouard hagusi kadi ya mteja kabla ya kuvuta mistari.

Kesho yake Musonda alifika na furushi la samaki wakavu. Hakuomba hata maji. Aliomba kadi. Alivaa miwani, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akaendelea.

"Bayama, juu ya nini unasoma zote?" Abigaïl akauliza.

"Nilisikia ku telefone ati mulinikata. Natafuta kadi yenye haina jina yangu."

Germaine akatazama dari. Edouard akajifuta jasho. Musonda alisoma mpaka ya mwisho, kila moja ina jina lake mahali palepale. Akavua miwani.

"Bon," akasema. "Mutoto wangu, kuya nikubariki."

Abigaïl akapiga magoti mbele yake, na vigelegele vya Germaine vikasikika mpaka barabarani.