Kisasi cha Ladha ya Chokoleti

Jumamosi ya mwisho wa mwezi supamaketi ilifurika, matoroli yakigonga watu visigino. Mkemia alivaa gauni la kijani na raba nyeupe, akijifanya mnunuzi wa kawaida. Ndivyo maabara yao ilivyotaka: chupa za kupimwa zichukuliwe rafuni kama anavyonunua mtu yeyote, mwenye kiwanda asijue. Kikapuni alishaweka chupa nane za kinywaji cha protini, zote za chokoleti.

"Dada, hizo zote utazimaliza peke yako? Unataka kubeba nyumba?"

Sauti ile! Hakuhitaji kugeuka, lakini aligeuka. Alikuwa Misuli, jina alilopewa na rafiki zake kwa sababu misuli hakuwa nayo hata ya dawa. Alivaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, na mfukoni limeshonwa jina lile lile lililokuwa kwenye chupa.

Kumbe mwenye kiwanda ndiye huyu. Ndiye huyu pia aliyemwacha mwaka juzi harusi ikikaribia, kwa ujumbe mfupi wa simu, kisha akaizima simu yenyewe. Mkemia alikuwa amempenda mpaka watu wakamwonea huruma. Sasa alimchukia kwa bidii ile ile.

"Chako hiki?" aliuliza, akitabasamu kama hakuna lililowahi kutokea.

"Changu. Na naona bado unaniunga mkono." Misuli aliona haya kidogo, lakini macho yalimng'aa. "Nipe namba yako mpya basi."

Akampa, tena akamwandikia kwa mkono wake. Moyoni alikuwa anasema, ngoja tu, utanikoma.

Kazini kwao, anayejuana na mwenye bidhaa haruhusiwi kuipima. Mkemia akafunga mdomo. Nafasi kama hii unampa mtu mwingine ya nini?

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na hujanipigia?"

"Nimekukosa sana, jamani."

"Hata mimi. Hebu niambie, kakao yako unainunua wapi?"

"Hee! Mapenzi na kakao wapi na wapi?"

"Nataka kujua kila kitu chako, roho yangu."

Misuli alicheka mpaka akapaliwa. Mkemia alipokata simu alijikuta naye anacheka, akajinunia kwenye kioo. Siku hizo alikaa sana kwenye kioo. Akaanza tena kupaka wanja, ule mweusi wa unga unaouzwa sokoni kwa vichupa. Alijiambia kwamba ni silaha, adui akimwona ajue alichopoteza. Mtu akijidanganya hivyo, mwache kwanza.

Maabarani, alianza na protini: gramu zilizoandikwa kwenye lebo zilikuwemo zote. Sukari, sawasawa. Bakteria, hakuna. Kila jibu zuri lilimchoma kifua. Yalibaki madini ya risasi, ambayo kakao huweza kuja nayo kutoka shambani, na ambayo yakizidi huharibu figo na akili za watoto. Alipokuwa akiandaa kipimo hicho, simu iliyokuwa mezani ikawaka. Ni Misuli: *Nimekumbuka unavyopuliza chai hata ikiwa imepoa.* Chozi likamtoka bila ruhusa. Akalifuta kwa kidole chenye glavu, akaendelea kumimina.

Mashine ikatoa jibu. Risasi, mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa!

Mkemia alipiga meza kwa furaha. Hakungoja hata kulihakiki jibu, akapiga simu.

"Mpenzi, kinywaji chako kina risasi. Chupa zako zitatolewa madukani zote, na jina lako watalisoma redioni. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza."

Misuli akajibu: "Nakuja."

Alikuwa bado anatabasamu mwenzake wa maabara alipomwita. Huyu walimpachika jina la Mama Glavu kwa ukali wake wa usafi.

"Mdogo wangu, njoo uone. Hata maji matupu yana risasi."

Katika kila kipimo, chupa moja ya maji safi hupitishwa kwenye mikono ile ile na mashine ile ile, ili uchafu wa mpimaji mwenyewe ukiingia uonekane. Mama Glavu alimtazama usoni, akashuka mpaka kwenye kidole cha glavu chenye alama nyeusi.

"Umepaka wanja humu ndani? Huu wa sokoni umejaa risasi!"

Mkemia akakikunja kidole. Mkuu wa maabara alikuwa anasubiri jibu kabla ya chakula cha mchana. Angeweza kusema maji yale yalimwagika, abofye mara moja tu kutuma jibu, na Misuli akwishe.

"Mimi sijaona kitu," alisema Mama Glavu, akirudi kwenye kiti chake. "Lakini wewe umeona."

Misuli alifika anahema, shati limemganda mgongoni. Walikutana kwenye korido.

"Mwongo! Situmii gunia la kakao bila kulipima. Unajua kwa nini? Kwa sababu yako!"

"Yangu mimi?"

"Siku ile niliyokutumia ujumbe wa kukuacha, nilikuja kwanza kukuletea chakula. Nikasimama pale mlangoni. Mlikuwa mmepima chupa yangu ya kwanza, ile niliyoichanganya kwenye ndoo ya mama. Ukawasomea wenzako: bakteria tele, labda mama mkwe ameogea humu. Wakacheka. Wewe ukacheka kuliko wote."

Mkemia alikumbuka, na uso ukamwaka.

"Nilicheka, ndiyo. Halafu nikakaa jioni nzima nakutafutia namna ya kuisafisha. Ungesubiri basi nimalize kucheka!"

"Tangu siku hiyo, kila chupa ninayoifunga nakulipizia kisasi. Nilisema ipo siku itafika mikononi mwake, atafute kosa akose."

Mkemia alimtazama, akajua bado anampenda, na hilo likamkasirisha kuliko yote. Akavua glavu, akamwonyesha kile kidole cheusi.

"Risasi ni yangu. Ni wanja."

"Unapaka wanja kazini?"

"Nilipaka kwa ajili yako, mjinga wewe!"

Akaenda kwa mkuu wake akayasema yote, hata la kujuana na mwenye kiwanda. Alifokewa mpaka korido ikasikia, akaondolewa kwenye vipimo na kupewa kazi ya kuosha vyombo vya maabara. Mama Glavu akarudia kipimo upya. Chupa zilikuwa safi.

"Umetafuta kosa umekosa," Misuli alisema, akimsubiri nje. "Nimeshinda. Sasa tuoane."

"Usishangilie. Wewe ulizima simu ukapumzika. Mimi nilipita kwa ndugu mmoja mmoja kuwaambia harusi hakuna, na kila nyumba waliniuliza nimekufanya nini. Mimi! Ukinitaka, utapita nyumba zile zile, useme kwa mdomo wako kwamba ulikimbia, na ulikimbia nini."

"Zote?"

"Tunaanzia kwa shangazi."

Jumapili hiyo sebule ya shangazi ilijaa wanawake, hata wale ambao hawakualikwa. Misuli alisimama katikati ndani ya suti nyeusi, jasho likimtiririka, akaeleza habari ya ndoo, ya kicheko, na ya simu kuzimwa. Mkemia alikaa kwenye kochi, mguu juu ya mguu.

"Sauti, mpenzi," alisema. "Shangazi hasikii vizuri. Hebu rudia pale pa kukimbia."

Na shangazi, ambaye masikio yake hayajawahi kuwa na kasoro, akaweka kiganja sikioni na kuinama mbele.