Shokapu Alizoniletea Mkwe Wangu

Nina miaka arubaini na sita, ni fundi magari hapa Madungu, Chake Chake, nina mke na watoto watano. Haya ninayoyaandika, mke wangu hayajui. Nimeyabeba mwaka wa pili sasa na yamenishinda, ndugu wasomaji... yamenishinda!

Marehemu baba alikuwa baharia. Safari yake ya mwisho alirudi na gari la Kimarekani, milango miwili, injini ya silinda nane. Likinguruma Madungu, wanalisikia Wete! Kila Idi alikuwa akimpakia mama na kumpeleka kwao Gando. Alipofariki gari likabaki bandani, kuku wakahamia humo.

Miaka ikapita, macho ya mama yakaanza kufifia. Akaniomba jambo moja, mwanamke ambaye hajapata kuniomba kitu: nimpeleke Gando mara moja tu kwa gari la mumewe, akamwone dada yake, ambaye hawezi tena kutoka nyumbani. Auone uso wake kabla hajapofuka. Ningekataaje?

Nikaanza kulifufua. Mwaka mzima nilinyoosha bodi, nikaifungua injini na kuirudisha, nikashona viti. Mwisho zikabaki shokapu, zile zinazolizuia gari lisidunde likipita mashimo. Zilizokuwemo ni zile zile orijino, zilizokuja na gari tangu kiwandani. Zilikuwa zikivuja, lakini chuma chake kizima. Zilitaka mafuta na mipira mipya, basi. Vifaa vya kazi hiyo sikuwa navyo.

Baba mkwe akasikia. Ni mfanyabiashara, huenda Arabuni na kurudi. "Usijisumbue, mwanangu," akaniambia. "Miye n'takuletea orijino mpya, zimo ndani ya maboksi yake. Hizo kuukuu nipe n'ende nazo, wasije wakanipa sizo."

Nikampa zote nne, nikambusu mkono.

Aliporudi alinikabidhi mbele ya wageni waliokuja kumpa pole ya safari. Maboksi yana maandishi ya kizamani, shokapu zinang'ara. Nikashika moja... nyepesi! Nikaisukuma fimbo yake ya chuma, ikaingia laini bila kukaza. Mikono yangu ikajua pale pale kwamba hii ni kopi, tena kopi mbovu. Nikauliza za zamani ziko wapi. Zimetupwa huko huko, akasema.

Sasa niambieni, nyinyi mngefanya nini? Ni mkwe! Kwetu mkwe akikupa kitu hukigeuzi ukakikagua kama samaki wa sokoni. Nikisema neno nimemwita mwongo mbele ya watu, na mke wangu ataiweka wapi sura yake? Nikasema, "Ahsante Baba, Mungu akuzidishie." Nikaenda kuzifunga. Mimi, fundi! Lingekuwa gari la mteja ningezitupa jalalani.

Siku ya safari mama alijifukiza udi, akavaa kanga mpya, akakaa mbele. Njia nzima alikuwa akicheka na kunihadithia mambo ya baba. Gari nalo likidunda... kila shimo linadunda mara tatu, mara nne, ndipo litulie. Nilipunguza mwendo. Nilijua! Tulipokwisha kupita Wete, kwenye mteremko wenye kona, tairi la mbele likaingia shimoni. Shokapu ikakatika, gari likaruka, usukani ukanishinda. Tukaishia mtaroni.

Mimi sikupata hata mkwaruzo. Mama alivunjika nyonga.

Tangu siku hiyo hajasimama, na macho yamekwisha zima. Gando hatukufika. Yeye na dada yake husikilizana sauti kwenye simu, wakalia wote wawili, nami ndiye ninayemshikia simu.

Miezi mingi baadaye shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alinihadithia huku anacheka, akidhani najua. Zile shokapu kuukuu hazikutupwa! Huko Arabuni yuko tajiri anayefufua gari kama la baba, na hataki kopi hata kwa dawa. Anataka zilizotoka kiwandani. Mkwe alimuuzia zote nne, mimi akaniletea kopi za kunifumba macho.

Nilimwendea. Nikamuuliza. Hakupandisha hata sauti.

"Kwani fundi si weye?" akasema. "Ulizipokea mwenyewe, ukazifunga mwenyewe. Miye najua nini mambo ya shokapu?"

Nikavaa viatu vyangu, nikaondoka.

Nimwambie mke wangu? Nitamgombanisha na babake. Nimwambie mama, ajue mwanawe alimpakia huku anajua? Nanyamaza. Usingizi siupati, chakula hakipiti, nanyamaza...

Ndugu zangu, hasa nyinyi mafundi, nawasihi. Kitu kikikutia shaka mkononi, sema! Hata aliyekupa awe mkwe, awe nani. Atanuna, utamwomba radhi, yatakwisha. Mimi nilichelea kumuudhi mtu mmoja, nikamlaza mamangu kitandani.

Jana baada ya alasiri nilimkuta mama kanyanyua mikono. Alikuwa akimwombea mkwe wangu, kwa jina lake, kama anavyomwombea kila siku, Mungu amlipe kheri kwa kumletea mwanawe shokapu kutoka mbali kote kule. Akanisikia mlangoni.

"Itikia, mwanangu," akaniambia.

Nikaitikia amina.