Kiredio cha Babu Kilivyonyamaza

Kila siku Chiriku alipotoka shule, alitupa begi lake juu ya cherehani ya mama. Mama alisema, "Cherehani si meza." Chiriku aliliondoa, akasubiri mama ageuke, akalirudisha palepale. Hiyo ilikuwa salamu yao. Baada ya hapo alikwenda ukumbini kufanya kazi yake kubwa ya siku: kumtembeza babu.

Chiriku hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na mjomba wake, fundi wa pancha, kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. "Mtoto huyu akinyamaza," mjomba alizoea kusema, "msiulize kitu. Mwiteni daktari."

Babu alipigwa na kiharusi miezi mitano iliyopita, na mguu wake wa kushoto ukawa mkaidi kuliko punda aliyeshiba. Ukiombwa hautembei, ukilazimishwa unavurugika. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali ndiye aliyegundua siri yake: mguu ule ulisikiliza muziki. Ukipigwa wimbo wa matarumbeta wenye mdundo wa polepole, uliinuka na kushuka kama wa askari kwenye gwaride. Basi akawaletea kiredio kinachoenea kiganjani, chenye spika yake ndogo, tundu la kuchomeka spika za masikioni, na memori kadi yenye nyimbo sita.

"Asubuhi mara moja, alasiri mara moja," alisema. "Msiruke hata siku moja. Mguu wa namna hii ukiachwa, unasahau upesi."

Hawakuruka. Babu alianza kwa hatua tatu, akafika kumi, na sasa alikuwa akifika kwenye bomba la uani, hatua thelathini na moja. Ijumaa mtaalamu angekuja kumpima. Babu akifika langoni na kurudi bila kushikwa, angeruhusiwa kuvuka barabara na kwenda kwa kinyozi mwenyewe. Kwa babu hilo lilikuwa jambo kubwa, maana tangu augue alikuwa akinyolewa na mjomba. Mjomba alinyoa kama anavyokwangua mpira wa tairi kabla ya kubandika kiraka.

"Nikifa leo," babu alilalamika huku akipapasa kichwa, "malaika watanipeleka gereji."

Kiredio kilikuwa na sheria moja, na mama aliitangaza siku ya kwanza: "Hiyo ni dawa ya babu. Dawa ya mtu haichezewi."

Jumatatu Chiriku alitoka shule mapema. Babu alikuwa amelala, mama yuko kwenye cherehani, mjomba hayupo. Spika za masikioni za mjomba zilining'inia kwenye msumari. Chiriku aliziangalia, zikamwangalia. Alizichukua, akachukua na kiredio, akaenda kukaa nyuma ya mlango wa jikoni. Wimbo mmoja tu, alijiambia. Wimbo mmoja ukawa minne.

"Chiriku! Ndoo inafurika bombani, huoni?" mama aliita.

Chiriku aliruka kama aliyekalia siafu. Waya ukanasa kwenye komeo la mlango, ukamvuta, naye akauvuta kwa nguvu zaidi. Tak! Kiredio kikabaki mkononi, waya ukabaki unaning'inia kwenye komeo. Alipoutazama vizuri, aliona ile pini ya mwisho wa waya imekuwa fupi. Nusu yake haikuwepo. Aliitafuta sakafuni, akapapasa chini ya mlango, hakuiona. Alifikiri imeingia kwenye ufa. Alizisokomeza spika za mjomba ndani ya gunia la vipande vya vitambaa vya mama, akafuta kiredio kwa sketi yake, akakirudisha kwenye kigoda cha babu kana kwamba hakikuwahi kutoka hapo.

Saa kumi babu aliamka, akashika mkongojo wake. "Haya, mjukuu wangu. Matarumbeta."

Chiriku alibonyeza kitufe. Taa iliwaka. Namba zikaanza kukimbia kwenye kioo, sekunde moja, mbili, tatu. Sauti, hakuna. Akaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Akazima, akawasha tena. Namba zikakimbia tena, na kimya kikawa kilekile.

"Mama!"

Mama alikuja na utepe wa kupimia shingoni. Alikitikisa kiredio sikioni kama anayesikiliza yai. "Kimekauka," alisema, akaleta chupa ya mafuta ya cherehani. "Tone moja tu. Hakuna mashine isiyopenda mafuta." Tone likapotelea kwenye kitufe. Kiredio kikanukia kama cherehani, kikaendelea kunyamaza.

Mjomba aliporudi, naye akaleta utaalamu wake. "Leteni beseni la maji."

"La nini?" mama aliuliza.

"Tukizamishe. Mapovu yatakapotokea, hapo ndipo penye tundu."

"Redio na tairi wamekuwa ndugu tangu lini?" Mama alimpokonya kiredio kabla beseni halijafika.

Walikichaji usiku kucha. Asubuhi walitoa memori kadi, wakaifuta kwa pindo la fulana, wakaipulizia, wakairudisha. Taa iliwaka, namba zikakimbia. Babu, ambaye alikuwa amesimama tayari tangu mwanzo, alikaa chini taratibu.

"Nani alikishika mara ya mwisho?" mama aliuliza.

Chiriku alifungua mdomo. Mdomo uliokuwa ukifanya kazi mchana na usiku, siku hiyo ukafunga ofisi.

"Kilikuwa hapohapo kwenye kigoda," alisema hatimaye.

Alasiri mama alimtuma Chiriku kwa Mama Fundi. Mama huyu alitengeneza redio, pasi na taa kwenye meza yake mbele ya duka la vyombo. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja hata kwa mteja aliyekuja mbio: hakugusa bisibisi kabla ya kuuliza maswali matatu. Majibu aliyaandika kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya kifaa.

"Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kilianza lini?"

"Jana."

"Kilikuwa kinafanya nini?"

"Kilikuwa kimekaa tu."

"Nani alikuwa nacho?"

Chiriku alitazama pasi mbili zilizokuwa zikisubiri zamu yao. "Hakuna. Kilinyamaza chenyewe."

Mama Fundi aliandika KIMENYAMAZA CHENYEWE, akakibandika. Alikifungua kiredio, akanusa. "Na haya mafuta?"

"Ni mama."

"Mwambie mama yako tunamshukuru, lakini redio haishonwi." Alichokonoa hapa, akagusa pale. "Kama hakikuanguka, hakikuvutwa, hakikuchomekwa kitu, basi spika yake imechoka. Nitatafuta nyingine. Njoo Alhamisi."

Hakikuvutwa, hakikuchomekwa kitu. Maneno hayo yalimfuata Chiriku njia nzima.

Jumatano alijaribu kuwa kiredio. Alisimama mbele ya babu, akaimba ule wimbo wa matarumbeta kwa mdomo, pa-ra-paa, pa-ra-paa. Lakini Chiriku aliimba kama alivyosema, mbiombio, na mguu wa babu ulikuwa bado nyuma kwenye "paa" ya kwanza. Alipunguza mwendo, akapotea mdundo. Aliongeza, babu akayumba. Hatua saba, na babu akaushika ukuta kwa mikono miwili.

"Bendi hii imelewa," babu alisema. Alijaribu kucheka, lakini kijasho kilikuwa kikimtiririka.

Chiriku alisimama pale, mikono haijui iwekwe wapi. Hakuwa na nguvu za kumbeba. Hakuwa na sauti ya tarumbeta. Alichokuwa nacho ni neno moja, nalo hakulitoa.

Alhamisi alikwenda kwa Mama Fundi mbio. Spika mpya ilikuwa imeshafungwa. Mama Fundi alibonyeza kitufe, taa ikawaka, namba zikakimbia. Kimya.

Mama Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Betri nzima, spika mpya, kadi nzima," alihesabu. "Nimefanya kila ninachokijua, mwanangu. Kimenishinda. Mwambie babu yako aniwie radhi."

Radhi hiyo ilimuuma Chiriku kuliko kama angechapwa.

Aliporudi nyumbani na kiredio alikuta babu yuko chini. Alikuwa amejaribu kutembea peke yake, bila muziki, ili asiaibike kesho yake. Mguu ulijisokota, akaketi sakafuni kwa kishindo. Hakuumia. Mama na mjomba walimnyanyua, mmoja kila kwapa, wakamrudisha kitini. Babu hakutania hata kidogo. Alitazama mguu wake kama mtu anayetazama jirani aliyemsaliti.

"Mwambieni yule mtaalamu asije kesho," alisema polepole. "Atakuja kuona nini?"

Hapo Chiriku alishindwa kuvumilia. Alikwenda kwenye gunia la vitambaa, akaingiza mkono hadi begani, akazitoa spika za masikioni zenye pini iliyokatika. Akaziweka mapajani mwa babu.

"Spika zangu!" mjomba alipiga kelele. "Nimezitafuta hadi ndani ya tairi la lori!"

"Ni mimi," Chiriku alisema. "Jumatatu nilikichukua kiredio, babu akiwa amelala. Waya ulinasa mlangoni, nikauvuta. Kipande cha pini sikukiona. Nilimwambia Mama Fundi kimenyamaza chenyewe." Kisha akalia, kilio kile cha kutikisa mabega.

Mama alichukua kiredio na zile spika. "Nyanyuka. Twende kabla hajafunga."

Mama Fundi alisikiliza bila kumkatiza. Aliitazama pini iliyokatika, akawasha tochi ndogo, akamulika ndani ya lile tundu. Kule ndani kabisa, kitu kiling'aa.

"Hicho hapo," alisema. "Kiredio kinadhani kuna mtu amevaa spika masikioni. Sauti yote kinaipeleka huko, hii spika ya nje hakiijali. Ningeweka spika mpya mia, kingebaki hivyohivyo."

Alitoa mrija wa wino ndani ya kalamu kuukuu, akautia tone la gundi nchani, akauingiza tunduni kwa mkono usiotikisika. Wakasubiri. Alipouvuta mara ya kwanza ulitoka mtupu. Chiriku alifumba macho. Mara ya pili ulitoka na kipande kidogo cha chuma, kama punje ya mchele. Mama Fundi akabonyeza kitufe. Matarumbeta yakalipuka hadi mwenye duka la vyombo akaangusha kifuniko.

"Robo saa," Mama Fundi alisema. "Kazi ya robo saa imekula siku nne." Akaibandua ile karatasi yake, akaisoma tena. "Mwanangu, mimi natengeneza kwa masikio kabla ya mikono. Kifaa hakina mdomo. Mdomo wake ni yule aliyekishika mara ya mwisho. Mdomo huo ukidanganya, hata fundi hodari atatibu kidole wakati jino ndilo linalouma. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kugombezwa."

"Ungegombezwa kwa muda gani? Nusu saa?"

"Saa nzima naweza," mama alisema. "Na bado ipo, inakusubiri nyumbani."

"Hata iwe saa nzima," Mama Fundi alisema. "Babu yako amelipa siku nne ili wewe uokoe saa moja."

Jioni hiyo matarumbeta yalilia tena uani. Babu alisimama, akasikiliza, akangoja mdundo. Mguu wa kushoto uliinuka, kwa uvivu, ukashuka. Ukainuka tena. Chiriku alihesabu moyoni. Kwenye hatua ya kumi na mbili mguu ulitetemeka, babu akaomba kiti. Bomba lilikuwa bado mbali.

"Nisamehe, babu."

Babu alihema hadi pumzi ikatulia. "Kuvunja hakunikasirishi. Mikono inavunja, ndiyo kazi yake, hata mimi nimevunja vyangu. Kilichoniuma ni kukaa hapa siku nne nikidhani mguu wangu umekataa kupona, na wewe unajua, unaniimbia." Alimshika mkono. "Mtu anayejua akinyamaza, asiyejua ndiye anayeteseka. Kesho mtaalamu akija, wewe ndiye utakayemweleza kwa nini nimerudi nyuma. Mimi sitafungua mdomo."

"Nitamweleza yote," Chiriku alisema.

"Vizuri." Babu aliushika mkongojo. "Sasa anzisha wimbo upya, mjukuu wangu. Siku nne zimekwenda, na ya tano ya kupoteza sina."