Kidole Kwenye Mstari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mgeni alifagia vitambaa. Nyumba ya mama yake mdogo ilikuwa na vyumba viwili, na kile cha mbele kilikuwa duka la ushonaji, kwa hiyo kukicha sakafu ilikuwa imejaa vipande vya nguo na nyuzi za kila rangi. Mama mdogo alikuwa fundi cherehani wa siku nyingi, mtu wa maneno machache na pini nyingi. Pini alizibana kwa midomo wakati wa kazi, na ukimsalimia alikujibu kwa kichwa. Si kwamba alikuwa mkali. Lakini mtoto aliyezoea kuamshwa na nyimbo za mama yake, akiletwa kwenye nyumba inayosema trrr, trrr tangu alfajiri, ataona upweke hata kama anakula na kushiba.

Jina la Mgeni alilipata shuleni. Siku alipoingia darasa la sita, mwalimu alisema, "Leo tuna mgeni," na watoto wakalidaka neno hilo kama mpira. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya tatu alipewa ufagio, ikawa zamu yake ya kufagia darasa, lakini jina lilibaki lilelile. Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni na bado aliitwa Mgeni. Wakati wa mapumziko wenzake waliruka kamba, naye alikaa kwenye ngazi za nyuma ya darasa akijifanya anafunga viatu. Hakuna mtu duniani anayefunga viatu kwa muda mrefu vile, lakini hakuna aliyemuuliza.

Mama yake alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, mbali sana. Mwanzoni mwa muhula alimleta kwa mdogo wake, wakalala pamoja kitanda kimoja, na Mgeni alipoamka alikuta upande wa pili wa kitanda umeshatandikwa. Mama alikuwa ameondoka. Hakumuaga.

Tangu siku hiyo Mgeni alikuwa na jibu lake moja moyoni: mama amenichoka. Hakumwambia mtu. Kila Jumapili jioni mama alipiga simu, akauliza mbio mbio, "Umekula? Unasoma? Haya, mwanangu, wenzangu wananisubiri," na simu ikakatika. Mtu anayekupenda hawi na haraka hivyo, aliwaza Mgeni. Jumapili iliyopita simu ilipolia alijifunika shuka gubigubi, akamwomba mama mdogo aseme amelala. Mama mdogo alimtazama kidogo, kisha akasema hivyo. Mgeni alisikia sauti ndogo ya mama yake ndani ya simu ikisema, "Amelala saa hizi?" Aliumia, lakini aliamua kwamba Jumapili ijayo atafanya vilevile, na ile nyingine pia, mpaka mama achoke kupiga.

Ijumaa, mwalimu wa Kiswahili alirudisha karatasi za jaribio la ufahamu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kidole, naye alijua na hakujali. Ilikuwa kawaida yake. Ukijibu swali la hadithi, hata ujibu kwa madaha namna gani, alikuuliza, "Kidole chako kiko wapi?" Hapo ilikubidi uweke kidole kwenye mstari wa hadithi uliokupa jibu hilo. Kidole kikikosa pa kukaa, jibu lilikuwa limekwenda na maji.

Karatasi ya Mgeni ilirudi imejaa alama nyekundu. Aliikunja upesi, lakini jirani yake wa dawati alikuwa ameshaona. Huyu aliitwa Kasuku, na ukikaa naye nusu saa hukuhitaji kuuliza sababu.

"Usijali," alisema Kasuku. "Hata mimi nimeanguka. Ila mimi nina mpango. Huwa nachagua jibu refu kuliko yote. Mtunga mtihani hawezi kujichosha kuandika maneno yote yale kwa jibu la uongo."

"Na mpango wako umewahi kukufaulisha?"

"Bado," alisema Kasuku, bila wasiwasi wowote.

Mgeni alitaka kucheka, lakini kengele ililia na Kasuku akatimka kwenda kuruka kamba. Hakumwambia twende.

"Wewe baki kidogo," alisema mwalimu.

Darasa likawa tupu. Mwalimu Kidole alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa dawati.

"Mwanangu, kila mtu hapa ana njia yake ya kukosea," alianza. "Kasuku anafuata urefu. Yule bwana mdogo wa dirishani anachagua C tupu, anasema ni herufi ya bahati. Wewe nilikaa na karatasi yako nikitafuta njia yako, mpaka nikaiona. Unachagua jibu lenye huzuni kuliko yote."

Mgeni aliinamisha kichwa.

"Sikugombezi. Hebu tusome tena hadithi hii pamoja."

Mgeni alisoma kwa sauti ya chini:

*Dereva wa lori alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Mlango wa nyumba yao ulikuwa mkuukuu, na ukifunguliwa ulilia mpaka majirani wakasikia. Jioni moja dereva alichukua chupa ya mafuta, akapaka bawaba za mlango ule. Mtoto akamuuliza kwa nini leo, wakati mlango umelia miaka yote. Baba akacheka, asijibu. Alfajiri, bibi wa mtoto alimwona dereva amesimama kando ya kitanda cha mtoto, viatu mkononi. Alisimama hivyo kitambo, kisha akatoka. Kulipopambazuka mtoto aliamka, akakimbilia mlangoni, akaufungua. Mlango haukulia. Aliyelia ni mtoto.*

"Sasa swali," alisema mwalimu. "Kwa nini dereva aliondoka bila kumuaga mwanawe? A, alikuwa amechelewa sana kwa sababu lori lilikuwa limeshapakiwa mizigo na wenzake walikuwa wakimngoja barabarani. B, alikuwa amemchoka mtoto. C, alisahau. D, hakutaka kumwamsha. Wewe ulichagua B. Kidole chako kiko wapi?"

Kidole cha Mgeni kilishuka mstari baada ya mstari, kikasita mwishoni.

"Hakumuaga," alisema.

"Hilo ndilo tunaloulizwa. Swali lenyewe limeshatuambia kwamba hakumuaga. Haliwezi kuwa jibu tena. Sisi tunatafuta sababu." Mwalimu alimpa penseli. "Tuache B kwanza. Anza na A, lile pendwa la Kasuku."

Mgeni alifikiri. "Hadithi haijasema lori limepakiwa. Wala haijataja wenzake." Kidole kikaenda kwenye neno *kitambo*. "Na aliyechelewa hasimami kitambo. Angekuwa anakimbia."

"Likate kwa mstari. C?"

"Aliyesahau hawezi kusimama kando ya kitanda. Alikuwa anamtazama." Akapiga mstari mwingine.

"Zimebaki mbili. Hapo ndipo watu wengi huchoka, wakachagua kwa moyo. Usichoke. Viatu vilikuwa wapi?"

"Mkononi."

"Kwa nini mtu abebe viatu badala ya kuvivaa?"

"Visipige kelele," alisema Mgeni. Halafu kidole chake kikapanda juu chenyewe, mpaka karibu na mwanzo wa hadithi, mahali ambapo hakupatazama kabisa siku ya jaribio. "Mwalimu! Na yale mafuta! Alipaka mafuta ili mlango usilie. Tangu jioni alikuwa ameshapanga asimwamshe."

"Ehee! Na B?"

Mgeni alitafuta kwa muda mrefu. Kidole kilibaki hewani, juu ya karatasi.

"Hakina pa kukaa," alisema. Kisha macho yakamjaa machozi. "Lakini mwalimu, mtoto alilia. Yeye hakujua habari za mafuta. Aliachwa tu."

Mwalimu Kidole aliisogeza karatasi kando. Alikuwa mtu mzima, na alijua kwamba sasa hawazungumzi tena juu ya dereva wa lori.

"Alilia, na alikuwa na haki ya kulia," alisema taratibu. "Uchungu wake ni wa kweli, wala usikubali mtu akwambie vinginevyo. Lakini machozi yanatuambia mtoto anaumia wapi. Hayatuambii baba aliwaza nini. Ukitaka kujua ya baba, rudi ukatazame baba alifanya nini." Akasimama, akasukuma kiti. "Jumatatu nitatoa jaribio jingine. Nenda kapumzike."

Mgeni alirudi nyumbani peke yake kama kawaida, akitembea kando ya ukuta. Njia nzima aliwaza. Mama amenichoka. Kidole kiko wapi? Hakuniaga. Hapana, hilo ni swali, si jibu. Alijaribu tena na tena, na kila mara kidole kilibaki hewani. Lakini hakupata mstari mwingine wa kukiweka, na mtu asiye na jibu hulala vibaya kuliko mwenye jibu baya.

Jumamosi mchana mama mdogo alimwita dukani, akamwonyesha kwa mkono asogee karibu na dirisha. Akatoa pini mdomoni.

"Sketi yako ya shule imepanda. Unarefuka kama muhindi wakati wa mvua. Chukua wembe, ufumue upindo tuushushe. Polepole, usikate kitambaa."

Mgeni alikaa kwenye kigoda, akaigeuza sketi ndani nje. Upindo ulikuwa mpana ajabu, umekunjwa mara mbili. Alianza kufumua. Nyuzi zilikuwa nene na zimekwenda mshazari, hapa zimebanana, pale zimeachana, na mahali pengine fundo juu ya fundo. Haikuwa kazi ya cherehani. Haikuwa hata kazi ya mtu anayejua kushona.

"Mama mdogo, huu upindo ulishona wewe?"

Mama mdogo aliutupia jicho, akaguna. "Mimi nishone hivyo? Si wateja wote wangenikimbia! Hiyo ni kazi ya mama yako. Dada yangu anajua sufuria, sindano haijui. Jioni ile mliyokuja, wewe ulipokwenda kuoga, alikaa hapo hapo ulipokaa. Nikamwambia, dada, lete nipige mashine, ni mara moja tu. Akakataa katakata. Alijichoma vidole, maskini, lakini hakuiachia."

Mgeni aliushika upindo ule. Kidole chake kilipita juu ya nyuzi zile mbovu, fundo kwa fundo. Aliyemchoka mtoto hawazi habari za sketi yake miezi ijayo. Aliyesahau hakunji mara mbili. Na mwenye haraka angempa fundi apige mashine. Alipiga mistari moyoni, moja, nyingine, nyingine tena, na lile jibu lake la siku zote halikupata hata uzi mmoja wa kushikilia.

Hata hivyo, hakuwa na uhakika wa kila kitu. Hadithi ya karatasini imeandikwa yote, lakini mama yake alikuwa hai, na mtu aliye hai unaweza kumuuliza.

Jumapili simu ilipolia, mama mdogo aliitazama simu, kisha akamtazama Mgeni. Mgeni aliinuka, akaichukua.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba! Leo hujalala? Umekula? Unasoma?"

"Nimekula, mama. Nina swali." Nyuma ya sauti ya mama alisikia kelele za watu. "Siku ile, kwa nini hukuniaga?"

Kelele zilipungua kidogo, kama vile mama amewapa watu mgongo.

"Nilikaa pale kitandani nikijaribu," mama alisema, na sauti yake haikuwa ya mbio tena. "Nilijua ukifumbua macho tu, siondoki. Na nisipoondoka, tutaishi vipi? Nikaogopa, mwanangu. Nilikosa. Ningekuamsha tulie wote."

"Nilidhani umenichoka."

"Nani kakuambia maneno hayo?"

"Hakuna. Nilijiambia mwenyewe. Na kwenye simu una haraka kila siku."

"Huku mtandao unashika juu ya lundo la kokoto tu. Tunapanda mmoja mmoja, na walio chini hawana subira." Kelele zikaongezeka, na mama akapaza sauti, "Nyamazeni huko! Naongea na mwanangu!" Kelele zikakoma. Mgeni alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Wakazungumza mpaka mtandao wenyewe ukachoka.

Mama mdogo alikuwa kwenye cherehani, lakini mashine ilikuwa imenyamaza muda wote. Alitoa pini mdomoni, zote, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Nimesikia, siwezi kusema sikusikia," alisema. "Mimi nami nina kosa. Nilikuona unanyong'onyea, nikanyamaza. Lakini sikiliza, mwanangu. Nguo ukitaka kujua imeshonwaje, unaigeuza ndani nje, uone nyuzi zilivyopita. Huikadirii kwa mbali. Na watu ni hivyo hivyo. Usimhukumu mtu kwa jibu ulilojitungia ukiwa peke yako na majonzi yako. Tazama alichofanya. Kisha, kama yupo, muulize."

Jumatatu Mgeni alikwenda shule na sketi iliyoshushwa. Pasi ilikuwa imejitahidi, lakini pale upindo wa zamani ulipokuwa palibaki alama iliyozunguka sketi nzima. Jaribio lilipokwisha, kengele ya mapumziko ililia, na Kasuku akasimama, akamgeukia.

"Swali la tatu umechagua lipi? Mimi nilichukua refu." Kisha akainama kutazama. "Mbona sketi yako ina mstari?"

"Najua," alisema Mgeni, akaweka kidole juu ya alama ile. "Huu ni wa mama yangu. Keti nikuonyeshe lile la tatu."

Kasuku akaketi, akafungua karatasi ya maswali. Siku hiyo kamba ilirukwa bila wao wawili.