Ubao Uliofutwa Saa ya Chai

Dakta Zack Kimeli alilala chali chini ya jukwaa, viatu vyake vipya vimeelekea dari, na damu ya kisogoni imeingia kwenye zulia. Nje, kwenye nyasi za hoteli, walimu waliokuja kwenye kongamano walikuwa bado wanakunywa chai ya saa nne kwa viazi vitamu. Wengi hawakujua kwamba msemaji waliyetoka kumpigia makofi, aliyewachekesha mpaka wakafuta machozi, hatapanda tena jukwaani.

Inspekta Beldina Ogola alisimama kando ya maiti. Kwao ni upande wa ziwa. Kericho aliletwa na kazi, na tangu mumewe Opondo afariki hakuomba uhamisho. Angehamia wapi, na kwa nani? Jioni akifunga mlango wa nyumba yake ya polisi, hakuna wa kumuuliza siku ilikuwaje.

"Amepiga kichwa hapa," alisema Konstebo Kipsang, akionyesha kona ya chuma ya spika kubwa iliyowekwa sakafuni. "Alianguka kinyumenyume."

"Au alisukumwa."

"Alisukumwa, Afande. Na aliyemsukuma tunaye tayari."

Waliyekuwa naye aliitwa Oketch, fundi wa vipaza sauti, naye pia wa upande wa ziwa. Alikutwa amepiga magoti kando ya Dakta, mikono imejaa damu. Asubuhi hiyo hiyo maikrofoni ilikuwa imekoroma, Dakta akamfokea mbele ya ukumbi mzima na kumwita bure kabisa. Kwa Kipsang, kesi ilikuwa imeiva. Fundi wa watu akapitishwa mlango wa jikoni, akatiwa garini, akapelekwa kituoni hata kabla walimu hawajamaliza vikombe vyao.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Beldina, mambo ni wazi. Kesho huyo Oketch anasimama mbele ya hakimu kwa mauaji. Na usianze kuzungukazunguka. Watu watasema unamtetea mtu wa kwenu."

"Ndiyo, Afande."

Alikata simu. Mtu wa kwenu! Miaka yote hii ya kunyeshewa na mvua za Kericho, na bado yeye ni mgeni. Haya. Aseme atakavyo mkuu wa kituo. Mtu asiye na kosa akifungwa maisha kwa sababu Beldina ameogopa maneno, atalalaje?

Akageuka kutazama jukwaa. Ndipo alipouona ubao.

"Hoteli kama hii ina ubao wa chaki?"

"Dakta aliagiza uletwe," alisema Kipsang. "Hakupenda projekta. Aliandika mpaka ukajaa pomoni. Tazama, mwalimu mmoja alipiga picha wakati wa kutoka kwenda chai."

Kwenye simu aliyomwonyesha, ubao ulikuwa umejaa maandishi na mishale. Pale jukwaani ulikuwa mtupu. Umefutwa. Imebaki tarehe tu, pembeni juu, mkono wa kulia.

"Nani amefuta?"

"Wafanyakazi wa hoteli, labda."

Aliitwa msimamizi wa wahudumu. Akaapa kwamba hakuna mhudumu aliyeingia humo. Wote walikuwa nje wakimimina chai. Beldina alimpa kitambaa na kumwomba afute pembe moja ya ubao. Mama wa watu akazungusha kitambaa duara, kama anayepangusa meza.

Beldina akasogea karibu. Ule ubao haukufutwa kwa duara. Ulifutwa kwa mistari iliyonyooka, kutoka juu mpaka chini, mmoja baada ya mwingine. Marehemu mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Beldina alikua akimtazama akifuta hivyo hivyo.

"Kipsang, huyu ni mwalimu. Wa chaki, wa siku nyingi. Anashuka toka juu ili vumbi lisimrukie machoni. Na tarehe haigusi, kwa sababu ni ya siku nzima. Anamwachia mwenzake wa kipindi kinachofuata."

"Afande! Mtu aue, halafu afute ubao?"

"Anaweza kufuta na asijue kama amefuta."

"Sasa si hapa ni walimu watupu?"

"Hiyo ndiyo shida," alisema Beldina, akaagiza mtu yeyote asitoke hotelini.

Kituoni, Oketch alikuwa amekaa kwenye benchi la seli, mikono bado haijaoshwa.

"Ulikuwa wapi watu walipotoka kwenda chai?"

"Nilienda kwa gari kuchukua waya, Madam."

"Uliporudi?"

"Nikamkuta chini. Alikuwa anapumua kidogo. Nikamwinua kichwa, nikaita watu. Ndio wakanishika."

"Alikutukana. Ulikasirika?"

"Nilikasirika, haki ya Mungu. Lakini nikikasirika na kila mtu ananitukana kwa hii kazi, nitaua wangapi?"

"Kwa nini hukukimbia?"

Oketch alimtazama kana kwamba hajaelewa swali. "Nimwache mtu akifa peke yake?"

Beldina aliliandika jibu hilo. "Hotuba yake ulirekodi?"

"Yote. Nilizima alipomaliza." Akainamisha kichwa. "Madam, mama yangu yuko peke yake nyumbani. Mimi ndiye mtoto amebaki. Asisikie hii maneno kwa redio, tafadhali."

Beldina aliisikiliza rekodi ndani ya gari, akiwa ameegesha kando ya mashamba ya chai. Mvua ilikuwa imeanza. Sauti ya Dakta ilitoka ikiwa na uhai wote, sauti ya mtu anayejua anapendwa.

"Walimu wenzangu, mazoea ni ugonjwa! Darasa la sita nilikuwa na mwalimu mmoja, sitamtaja. Kila asubuhi anaita rejista. Akifika kwa jina moja ananyamaza, anangoja. Na huyo mtoto tulishamzika! Marehemu! Mwalimu anaita tu, kwa mazoea!" Ukumbi ukacheka. "Siku moja nikachoka. Nikabana sauti kama ya msichana, nikajibu, 'Nipo, Mwalimu!'"

Weh! Kicheko kilivuma mpaka spika za gari zikatetemeka. Watu walipiga meza. Kisha Dakta akasema tena, kwa utani: "Huyo mama wa mbele hacheki. Mama, umesinzia?" Wakacheka upya.

Beldina alirudisha nyuma akaisikiliza mara ya pili. Hakucheka hata chembe.

Hotelini alimwendea mwenyekiti wa kongamano. "Dakta alipoongea, ni mama gani alikaa mbele kabisa?"

"Ni Mwalimu Rodah Cheptoo, kutoka upande wa Soin. Naye ni msemaji wetu. Anastaafu, tukaona atupe yale ameona. Alikuwa aongee baada tu ya chai." Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Maskini, hajala kitu."

Walimu walikuwa wamejikusanya kwenye veranda vikundi vikundi, wakinong'ona. Mwalimu Rodah alikuwa kwenye kiti cha plastiki mwisho kabisa wa veranda, peke yake, ameyatazama majani ya chai yakinyeshewa. Kikombe chake, kwenye meza ndogo kando yake, kilikuwa kimefanya utando juu. Kwenye mkoba wake, kitambaa cha kichwa kilichokunjwa vizuri kilikuwa cheupe kwa vumbi la chaki.

"Chamgei, Mwalimu," Beldina alimsalimu kwa Kikalenjin, akavuta kiti. "Dakta Kimeli ulimfundisha?"

"La tano na la sita."

"Mwalimu wa ile hadithi ya rejista ni nani?"

Rodah alikizungusha kikombe chake.

"Nimeisikia, Mwalimu. Imerekodiwa."

"Basi umesikia wanavyocheka."

"Nimesikia pia kwamba hukucheka. Nani alifuta ubao?"

Rodah alijitazama vidole. Chaki ilikuwa imeingia kwenye kucha. Akatazama mkoba wake, na uso ukambadilika.

"Nimefuta?"

"Umefuta."

"Kipindi chake kilikuwa kimeisha," alisema polepole. "Mimi ndiye nilikuwa naingia."

"Kuna mtu yuko seli kwa sababu ya hili, Mwalimu. Fundi wa vipaza sauti. Kesho anapelekwa kortini. Mama yake bado hajaambiwa."

Rodah alisimama ghafla, kikombe kikamwagika. "Mama yake? Usimwambie! Mtoe huyo kijana wa watu. Ni mimi. Sikujua wameshika mtu, Mungu ananiona."

"Kaa, Mwalimu. Nieleze."

Alikaa. Alieleza huku akitazama majani ya chai.

"Mtoto wa rejista alikuwa wangu. Alikuwa kwa darasa langu. Nilijua amekufa, si mimi mwenyewe nilimwosha? Lakini baba yake alisema tusilitaje hilo jina nyumbani, linamuumiza. Baadaye naye akaenda zake. Sasa ningeliita wapi? Darasani ndio peke yake ningeliita kwa sauti, na mtu asiniambie ninyamaze."

"Na siku Zack alipojibu?"

"Kwa nukta moja," alisema Rodah, "nilifurahi. Kabla sijaelewa."

Beldina alishusha kalamu. Hakuandika kitu.

"Leo wengine wakatoka, nikabaki. Hakuwa amenitambua. Nikamwambia, Zack, hadithi sikukatazi. Ukiisema tu, sema alikuwa binti yangu, na umtaje jina. Akanikumbatia. 'Mwalimu, kumbe ni wewe!' Nikamuuliza, alikuwa anaitwa nani? Akafikiri. Wee, akafikiri kweli! Halafu akacheka. Akasema, 'Mwalimu, jina si muhimu, watu wanataka kucheka.'" Akakunja mikono kifuani. "Nikamsukuma. Kwa mikono yote miwili. Sikutaka afe. Nilitaka anyamaze."

"Hukuita msaada."

"Sikuita. Hilo ni kosa langu, na nitaliungama popote."

Beldina alimpigia simu mkuu wa kituo. "Mwachilie Oketch, Afande. Ninaye aliyekiri. Nadhani itakuwa kuua bila kukusudia." Mkuu alianza kufoka, kisha akauliza ni nani, kisha akakubali. Oketch angelala kwao.

Kipsang alikuja na pingu. Beldina alimpungia mkono angoje, akafungua karatasi ya taarifa.

"Binti aliitwa nani, Mwalimu?"

"Esnah."

Akaliandika. Halafu, bila kupanga, akauliza jambo lisilo la kipolisi.

"Alikuwa mtoto wa namna gani?"

Rodah aligeuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama inspekta usoni, na machozi aliyokuwa ameyazuia yakamshuka.

"Tangu tumzike," alisema, "hakuna mtu amewahi kuniuliza habari zake. Wewe ndiye wa kwanza. Na umekuja na pingu."

Beldina aliiweka kalamu mezani. Akamwambia Kipsang aende akangoje garini, kisha akavuta kiti chake karibu zaidi.

"Nina wakati," alisema. "Nyumbani hakuna mtu ananingoja. Niambie."