Pakia au Pakua?

Kila Jumamosi asubuhi Kidole alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akaketi jikoni kumsaidia Bibi huku akitegewa vitendawili. Jina lake halisi lilijulikana zaidi shuleni. Nyumbani aliitwa Kidole kwa sababu hakuwahi kuona kitufe akakiacha bila kukibonyeza.

"Kitendawili!" alisema Bibi, mwiko mkononi.

"Tega!" waliitikia Kidole na kaka yake, ambaye kila mtu alimwita Mjuaji.

"Ndugu wawili wamepishana herufi moja. Mmoja hujaza lori, mwingine hujaza sahani."

Mjuaji alikuna kichwa. "Shamba na... shimba?"

"Shimba ndiyo nini, mjukuu wangu? Mmeshindwa. Nipeni mji."

Kabla hawajampa mji, Shangazi aliita kutoka chumba cha mbele.

Shangazi alikuwa msusi mwenye saluni ndogo mtaa wa pili, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ngoma zake za umeme. Hazikuwa ngoma za kuwambwa ngozi. Zilikuwa bapa, za mpira, zimeunganishwa kwa nyaya na kisanduku cheusi, na kisanduku hicho ndicho kilichotoa sauti. Shangazi alikiita ubongo. Ndani yake alikuwa amejitengenezea seti za sauti ambazo hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Ngoma hii ukiipiga ililia kama mkasi, ile kama mlango wa chuma, na ile ya pembeni kama kifuniko cha sufuria ya Bibi kikianguka sakafuni. Seti hizo ndizo zilizomfanya kiongozi wa bendi kubwa amwite. Saa kumi jioni ya siku hiyo angesikilizwa, na kama angependeza, nafasi ya mpiga ngoma ilikuwa yake.

Bahati mbaya ubongo uliharibika wiki hiyo. Fundi wa pale njia panda aliutengeneza, lakini ilimlazimu kufuta kila kitu kilichokuwa ndani. Shangazi hakushtuka, maana seti zote alikuwa na nakala zake kwenye flashi.

"Kidole, mwanangu, nisaidie," alisema huku akivaa viatu. "Nimemwacha mteja saluni na kichwa kimesukwa nusu. Chomeka flashi hii, uzirudishe seti zangu kwenye ubongo. Vitufe nimevibandika karatasi za Kiswahili, huwezi kukosea."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Umeelewa au umeitikia?"

"Nimeelewa!"

Alikuwa ameitikia tu.

Shangazi alipotoka, Kidole alichomeka flashi na kuviangalia vitufe. Kimoja kiliandikwa PAKIA, kingine PAKUA. Akafikiri kidogo. Bibi anapotoa chakula kwenye sufuria na kukitia kwenye sahani, anapakua. Sasa, seti ziko kwenye flashi, kwa hiyo flashi ni sufuria. Ubongo ni mtupu, kwa hiyo ubongo ni sahani. Akabonyeza PAKUA.

Kioo kikawaka na maandishi madogo ya Kiingereza yenye alama ya kuuliza. Yalikuwa yanasema kwamba vitu vilivyomo kwenye flashi vitaondolewa, je, ana hakika? Kidole hakuyasoma. Alibonyeza ndiyo.

Alivaa visikilizio, akapiga ngoma ya pembeni. Du. Akapiga nyingine. Du. Hakukuwa na mkasi wala kifuniko. Akabonyeza PAKIA, akasubiri, akapiga tena. Du. Akaitafuta orodha ya seti kwenye flashi na kukuta majina yote ya Shangazi hayapo. Kumbe kwa vitufe vile ubongo ndio sufuria na flashi ndiyo sahani: alikuwa amechukua utupu wa ubongo na kuutia kwenye flashi.

"Umefanya nini?" aliuliza Mjuaji mlangoni.

Kidole alimweleza kwa kunong'ona. Mjuaji alipiga mluzi.

"Nyamaza tu. Ubongo si ulikuwa kwa fundi? Fundi ndiye aliyeuchokonoa. Nani atajua?"

Kidole alichukua ufagio. Akaenda kufagia ua ambao alikwisha kuufagia.

Shangazi alirudi anaimba. Kidole alimsikia akigonga ngoma mara ya kwanza, ya pili, kisha wimbo ukakatika. Kidole alipoingia chumbani alimkuta ameishikilia simu mdomoni, spika imefunguliwa.

"Fundi, umeniua! Ubongo umerudi kutoka kwako, leo hata flashi imekuwa tupu!"

"Dada, flashi yako sijawahi kuitia mkononi," ilijibu sauti ya fundi.

"Basi ubongo uliouharibu ndio ulioila! Mtaa mzima utanisikia. Hakuna atakayekuletea hata redio!"

Fundi alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sawa, dada. Pengine ni mimi. Kama hakuna mtu aliyetia kitu kingine juu ya nakala zako, basi flashi imejifia yenyewe. Isafishe yote ianze upya, urekodi sauti chache unazoweza. Saa kumi bado."

Shangazi alivuta pumzi, akainamia ubongo. Kidole aliuona mkono wa Shangazi ukienda kwenye kitufe kilichoandikwa SAFISHA. Nyuma ya mlango Mjuaji alikuwa akitikisa kichwa: nyamaza, nyamaza.

"Si fundi!" Kidole alipiga kelele hadi akajishtua mwenyewe. "Ni mimi, Shangazi! Nilibonyeza PAKUA!"

Shangazi aligeuka taratibu. Kabla hajafungua kinywa, simu ndiyo iliyopayuka.

"Nani amesema hivyo? Alitia kitu juu ya nakala? Dada, toa mkono hapo! Usibonyeze chochote!"

"Nimeutoa," alisema Shangazi.

"Mtoto, baada ya hapo kuna kingine ulichotia kwenye flashi?"

"Hapana. Shikamoo," alisema Kidole, akilia.

"Marahaba. Sikilizeni. Ubao ukifutwa kwa kiganja, maandishi ya zamani bado yanaonekana kwa mbali. Ukifutwa kwa kitambaa chenye maji, ndiyo basi. Mtoto amefuta kwa kiganja. Dada, wewe ulitaka kuleta maji. Chomoeni hiyo flashi, mje mbio!"

Walikimbia, Shangazi amevaa kandambili za rangi mbili tofauti. Fundi alichomeka flashi kwenye kompyuta bila kusalimia. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo, ukasimama, ukatambaa tena. Kisha jina la seti ya kwanza likatokea. La pili. Shangazi aliyataja moja moja kama mtu anayehesabu watoto wake waliorudi kutoka shule. Jina la mwisho halikutokea.

"Ya kifuniko imeharibika," alisema fundi. "Hiyo siwezi kuirudisha."

Shangazi aliketi. Hiyo ndiyo aliyotaka kuanza nayo mbele ya bendi.

Kidole alitoka mbio bila kuaga. Aliporudi alikuwa na kifuniko mkononi, na Bibi nyuma yake akihema.

"Mmeniacha na sufuria wazi nzi wanaalikana!" alisema Bibi. "Lakini kiangusheni basi, tusikie."

Fundi alizima feni, akaweka kinasa sauti. Kidole alikiachia kifuniko sakafuni. Kikalia, kikazunguka, kikatulia. Shangazi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Fundi, nisamehe," alisema. "Nilikusingizia bure."

"Nimesamehe, dada. Ila nakala moja ni kama huna nakala. Moja ibaki kwenye flashi hii, nyingine kwenye flashi ya pili, na usiziweke mfuko mmoja."

Jioni Shangazi alirudi na ngoma zake, akasimama mlangoni amenuna. Kisha Shangazi akaangua kicheko. "Wamenichukua! Kiongozi ameniuliza mara mbili, hiyo sauti ya kwanza ni ya nini?"

Bibi alimvuta Kidole akamketisha karibu yake. Mjuaji naye aliitwa asikie.

"Kosa lako ni kwamba ulisema umeelewa wakati hukuelewa," alisema Bibi. "Kuuliza kungekuchukua muda mfupi kuliko kulia. Lakini ulisema kweli wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Ungenyamaza, Shangazi yako angesafisha flashi kwa mkono wake mwenyewe, na fundi angebeba kosa lisilo lake. Kweli isemeni mapema, wajukuu zangu, ingali na kazi ya kufanya. Sasa, mji wangu uko wapi?"

"Hatukupi, Bibi," alisema Kidole. "Ndugu wawili ni pakia na pakua."

"Ala! Haya, tuna njaa. Chukua sahani, upakue."

Kidole alishika mwiko, akaitazama sufuria, akazitazama sahani.

"Kutoka wapi kwenda wapi, Bibi?"