Mtogwa na Mguu wa Kalinga

Huko Mafinga, msimu wa mvua ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Ukigemwa leo ni mtamu, huitwa mtogwa. Ukilala, unakuwa mkali.

Kalinga aliacha ule mkali, na mkewe Benedicta akamshukuru Mungu. Mtogwa aliuona hauna neno. Kila asubuhi alimjazia mumewe jagi zima, kisha Kalinga akaenda kuketi kutwa getini kwenye kiwanda cha mbao, alikokuwa mlinzi. Kitambi kikatangulia, mwenyewe akafuata.

Kisha mguu ukaanza. Akipanda kilima cha kanisani, shavu la mguu lilimbana. Akisimama, maumivu yaliisha. Mwenyewe alisema ni uzee tu. Benedicta alimkumbuka shemeji yake aliyekatwa mguu kule Iringa, chakula kikamshinda.

Akamwita Tumpe, jirani yao muuguzi, naye akawapeleka hospitali. Presha ilikuwa juu. Mshipa wa mguu ulikuwa umeanza kuziba. Sukari ilikuwa imepanda kidogo tu, Kalinga akasema, mnaona, mtogwa hauna kosa.

"Kaka, kitendawili," alisema Tumpe. "Nina bawabu mwema, akizidi kazi nyumba inaharibika."

"Si mimi huyo?"

"Ni insulini. Hiyo ni homoni, mjumbe anayetoka kwenye kongosho. Anaifungulia sukari mlango, itoke kwenye damu iingie kwenye misuli. Ukinywa utamu kila siku, nawe umekaa tu, mwili unaacha kuitikia hodi yake. Kongosho linatuma wajumbe wengine, na wengine tena. Sukari inaonekana karibu sawa, kumbe insulini imejaa. Hali hiyo huandamana na presha na mafuta mabaya. Kuta za mishipa zinanenepa, njia ya damu inakuwa nyembamba. Leo mguu, kesho huenda ukawa moyo."

Benedicta alimgeukia Tumpe. "Kwa hiyo nimemjazia mwenyewe?"

"Hukujua, dada. Tunaogopa ulevi, utamu hatuuogopi."

Daktari alimpa dawa za presha na za mafuta. Mtogwa ukakoma, na sukari ya chai pia. Ugali ukapungua, maharage na mboga zikaongezeka. Tena aliambiwa atembee kila siku: mguu ukibana apumzike, kisha aendelee. Benedicta alimfuata nyuma, akisikiliza pumzi zake, akiogopa ataanguka. Siku nyingine Kalinga alimfokea arudi nyumbani. Hakurudi.

Mwezi wa nne wa kutembea, Kalinga alifika kileleni bila kusimama. Akageuka.

"Mama Adrian, mbona wewe ndiye unayepumzika?"

Benedicta alikuwa amesimama katikati ya kilima, anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.